Seti ya kufugia kamba wekundu: lipia sponji, vingine viko chini ya mkungu

Wadau, hii ni ya wale mnaoulizia ile seti ya kuanzia kufuga kamba wa mapambo, wale wadogo wekundu wanaoitwa cheri, boksi jeupe lenye picha ya kamba mwekundu na maandishi ya Kichina kila upande. Ipo kwenye maduka kadhaa ya samaki hapa Dar, bei inapishana kulingana na duka na kulingana na muuzaji kakuonaje, mimi nilitoa laki mbili na nusu baada ya kuvutana sana. Jina la duka sitaji, haina haja, kitu ni kilekile.

Nimeitumia muda wa kutosha na saa hizi tangi lina kamba wengi kiasi kwamba ukitaka kuwahesabu unachoka njiani, kwa hiyo sisemi seti haifanyi kazi. Inafanya. Shida ni kwamba kinachofanya kazi humo ndani ni vitu viwili vitatu, vingine vyote umeuziwa kwa sababu boksi lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa sehemu ya baridi, ghorofani, hana mti wowote karibu. Sisi tuna joto la kumwaga na tuna mikungu kila mtaa.

Humo ndani utakuta tangi la kioo, pampu ya hewa, sponji filta, mpira wa hewa, hita, mfuko wa udongo mweusi, chupa ya dawa ya kutoa klorini, kopo la chakula, pakiti ya majani makavu na kichupa cha dawa ya konokono. Kamba wenyewe hawamo, hao unawatafuta pembeni, nitafika huko.

Tuanze na sponji filta maana ndiyo roho ya mambo yote. Ni sponji mbili nyeusi zimechomekwa kwenye bomba la plastiki, hewa inapita kwenye mpira mwembamba mpaka ndani ya bomba, mapovu yanapanda juu na yakipanda yanavuta maji kupitia matundu ya sponji. Basi, hamna kingine. Hamna mota ndani ya maji, hamna panga la kuzunguka, hamna mdomo wa kunyonya. Na hapo ndo penye maana yake, kwa sababu mtoto wa kamba cheri akitoka kwenye yai ana kama milimita 2 tu, na zile filta nyingine za kunyonya zinambeba moja kwa moja, watu wanakaa wanashangaa majike yanataga kila siku lakini watoto hawaonekani kumbe wote wameishia ndani ya filta. Sponji haimezi mtu. Tena siyo kwamba haiwadhuru tu, inawalisha, maana juu ya sponji kunaota utando wa vijidudu na uchafu laini na watoto wanakaa humohumo wanachokonoa kutwa nzima. Washa tochi ya simu usiku uisogeze karibu na kioo upande ilipo sponji, utaona vidoti vyekundu vinavyopitisha mwanga vimetapakaa, kila kimoja kinachezesha mikono yake ya mbele haraka haraka kinapeleka mdomoni, mkono huu, mkono ule, bila kupumzika. Mimi TV siku hizi siiangalii.

Kusafisha sponji ni kuikamua kwenye ndoo yenye maji uliyochota humohumo kwenye tangi, usiipeleke kwenye bomba. Ndani ya sponji kuna bakteria wanaobadilisha amonia inayotoka kwenye kinyesi kuwa nitriti halafu nitrati, klorini ya bombani inawaua na ukiwaua hao umerudi sifuri. Kwa sponji nawapa 9 kati ya 10, moja nimeitoa kwa sababu kile kisahani cha chini ni chepesi, filta inaelea siku za mwanzo mpaka sponji ishibe maji, nikaweka jiwe.

Pampu nayo ni nzuri kwa ukubwa wake, kelele ipo ila ukiiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa inatulia. Sasa hapa kuna jambo seti imeacha na ni la hatari kweli: hamna valvu ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikiwa chini ya usawa wa maji na umeme ukakatika, maji yanaanza kurudi yenyewe kwenye ule mpira, yanashuka mpaka kwenye pampu, yakitoka hapo ni kwenye soketi. Na hapa kwetu umeme kukatika siyo habari. Valvu yenyewe ni kidude kidogo cha plastiki cha bei ya soda, inauma sana kwamba seti ya laki mbili na nusu imekikosa. Kama huna, weka pampu juu kuliko maji, kwenye rafu au itundike ukutani, mchezo umeisha. Na kwa saa za giza tafuta zile pampu ndogo za yuesibii unazochomeka kwenye pawabenki, bakteria wa kwenye sponji wanahitaji hewa kama wewe, usiku mmoja mrefu wa joto bila hewa unaweza kukuharibia kila kitu.

Kioo. Kwenye boksi wameandika lita 40. Nikachukua futi ya fundi cherehani: urefu sentimita 40, upana 25, kimo 28, zidisha ni lita 28, na hapo ni ukijaza mpaka mdomoni kitu ambacho hakuna anayefanya. Kwa kamba lita 28 zinatosha kabisa kuanzia, siyo samaki hawa, lakini mtu akiniambia 40 mimi nategemea 40. Nilimwonyesha muuzaji hesabu akacheka akasema "bosi hizo ni lita za kichina". Haya.

Hita, jamani. Hita! Kwa Dar! Imewekwa nyuzi 25 na haibadiliki, yaani inawaka maji yakishuka chini ya hapo, na mwezi wa pili chumbani kwangu maji ya tangi yanacheza 29 mpaka 30 bila msaada wa mtu yeyote. Ile hita haijawahi kuwaka taa yake kwa muda mwingi wa mwaka, labda zile asubuhi za mwezi wa saba. Kamba cheri anavumilia kuanzia kama 18 mpaka kama 28 na raha yake ni 22 hadi 24 hivi, kwa hiyo tatizo letu sisi wa pwani ni kushusha na siyo kupandisha. Joto likizidi maji yanabeba hewa kidogo, wanakua haraka lakini wanazeeka haraka, na kutaga kunapungua. Kinachosaidia ni feni ndogo ya mezani inayopuliza juu ya uso wa maji, inashusha nyuzi 2 hata 3 kwa mvuke tu. Ila maji yanapungua haraka, na hapa watu wengi wanabugi: kinachopotea ni maji matupu, chumvichumvi zote zimebaki, sasa ukijazia kwa maji ya bomba kila siku madini yanazidi kupanda mpaka kamba wanashindwa. Jazia maji ya mvua au maji yasiyo na madini. Wenzetu wa Mbeya, Njombe, Iringa na Arusha nyie ndo mngepewa hita, sisi tungepewa feni.

Udongo mweusi ndo kitu kilichonikera kuliko vyote kwa sababu ni mzuri na ni wa bei, ila umepelekwa kwa mtu asiyehusika. Huo ni udongo unaoshusha pH ya maji, yaani unayafanya yawe na asidi zaidi, na kunyonya ule ugumu wa kaboneti, umetengenezwa kwa wale kamba wengine wa jamii ya Caridina, wale wekundu na weupe wa mistari walioanzishwa na Mjapani Hisayasu Suzuki miaka ya 1990, wanaotaka maji laini yenye asidi kidogo. Cheri ni Neocaridina, asili yake China na Taiwan, yeye anapenda maji ya kawaida tu, pH kuanzia 6.5 mpaka karibu 8 na yenye madini ya kujengea gamba. Halafu udongo huo mpya unatoa amonia wiki za mwanzo, kwa hiyo mtu anayefungua boksi leo na kutia kamba kesho anawazika keshokutwa. Na maji yetu ya pwani yalivyo magumu, nguvu ya huo udongo inaisha mapema. Mimi niliutoa, nikaweka mchanga wa mtoni wa kawaida uliooshwa mpaka maji yakatoka meupe, na udongo nikampa jirani akapandia maua. Maua yanapendeza kusema kweli.

Sasa majani. Pakiti ya plastiki iliyonyonywa hewa, ndani majani makavu 10 ya kahawia, nje picha ya jani na bei yake ukiyanunua peke yake ni elfu kumi na tano. Nikafungua nikalitoa moja nikaligeuza geuza, nikasema huyu si mkungu huyu? Ni mkungu kabisa, Terminalia catappa, mti uleule wa kwenye viwanja vya shule na nje ya misikiti na pale watu wanapochezea bao, watoto wanapasua kungu kwa jiwe wapate kile kiini cha ndani. Mti unapukutisha majani mekundu mpaka mama wa nyumbani analaani ufagio, halafu kuna mtu ameyapakia kwenye plastiki ametuuzia elfu moja mia tano kwa jani. Asikwambie mtu, biashara ni akili.

Majani yenyewe kwa kamba ni dhahabu, hapo siwadanganyi. Okota yaliyokauka na kudondoka yenyewe, siyo mabichi, mbali na barabara na mbali na mahali panapopigwa dawa, yasugue, yachemshe dakika chache ili yazame, tia moja. Maji yanageuka rangi ya chai kavu iliyozimuliwa, usiogope, ni tanini hiyo, na siku chache baadaye jani linaota utando na kamba wote wanahamia juu yake, wanalila nyama polepole mpaka inabaki mishipa tu, jani limekuwa wavu. Usilitoe mapema. Mlonge nao wanaupenda, huko nje wanauza vijiti vya chakula cha kamba vyenye mlonge, wewe kausha majani yake kivulini. Majani ya mforosadi pia. Mchicha uliochemshwa kidogo wanaushambulia vizuri tu, lakini uwe wa bustanini kwako, huu wa sokoni hujui umepigwa dawa gani na lini, na kamba ni mdudu wa majini, dawa inayoua mdudu wa mchicha haimuachi yeye.

Chupa ya kutoa klorini inafanya kazi, ni ileile sodiamu thayosalfeti, matone machache kwenye ndoo. Ukiwa na subira acha maji kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ya kawaida inaondoka yenyewe, lakini kama mtambo wenu unatumia kloramini hiyo haiondoki kwa kusubiri. Ukinunua kitu cha dukani nunua hiki. Wale wa visima ndo muangalie sana, maeneo mengi ya Dar maji ya kisima yana chumvi, ukitia TDS mita, kile kipimo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, inasoma mpaka unafikiri imeharibika. Kwa cheri mimi nalenga kama 200 hivi, ikipanda mpaka 250 silali njaa. Ninachanganya maji ya bomba na ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usikinge, hiyo inaosha mabati. Na mvua tupu bila kuchanganya usijaribu, haina madini, kamba akitaka kubadilisha gamba anakwama katikati, unamkuta ana mstari mweupe umemzunguka kiunoni na hapo hamna cha kumfanyia.

Kubadilisha gamba nieleze kidogo maana wageni wengi wanapiga simu wanalia "kamba wangu amekufa" kumbe ni gamba. Kamba anakunja mwili, anaruka mara moja kwa nguvu, anachomoka kupitia mpasuko wa nyuma ya kichwa na kuacha koti zima lina miguu na sharubu na macho, jeupe, linaelea. Yeye mwenyewe yuko amejificha kwenye majani maana mwili bado laini. Ile "kujivua gamba" ya CCM ya 2011 tuliisubiri sana, hii ya kamba unaiona kwa macho. Usilitoe hilo gamba, wenyewe wanalila wanarudisha kalisi.

Na gamba ndo linafungua mlango wa watoto. Jike akikomaa unaona juu ya mgongo, nyuma ya kichwa, alama ya njano au ya kijani imekaa mithili ya tandiko, hayo ni mayai yako kwenye ovari bado. Siku anapovua gamba anatoa harufu ndani ya maji na madume yote yanachanganyikiwa, tangi zima linageuka uwanja, yanaogelea juu chini bila kutua yanamtafuta. Baada ya hapo mayai yanahamia chini ya tumbo, mara nyingi 20 mpaka 30, jike mkubwa anazidisha, na kuanzia hapo ana kazi moja, kuyapepea. Kile kitendo cha kuyapepea mtu ukikaa nacho karibu hutoki. Vile vijiguu vya tumboni vinapiga maji bila kukoma, kila baada ya muda anaingiza mguu wa nyuma katikati ya mayai analigeuza moja, analisafisha, analirudisha. Mayai yakikaribia kuanguliwa yanabadilika, unaona ndani yake nukta mbili nyeusi, ni macho. Wiki 3 hadi 4 hivi, kwenye joto letu inawahi kidogo, kisha wanatoka wakiwa kamba kamili, miguu yote, wanajitegemea hapohapo. Hawapiti hatua ya lava, yaani kitoto ambacho bado hakijafanana na mzazi, inayotaka maji ya chumvi. Ndiyo maana cheri ndiye wa kuanzia. Wale kamba wa Amano wanaosifiwa kwa kula mwani, waliopewa umaarufu na Takashi Amano wa Japani, wanataga vizuri tu kwenye tangi lakini lava wao wanahitaji maji ya chumvi, wengi mtabaki na mayai yanayopotea.

Sasa rudi kwenye boksi, tumalizane na kile kichupa. Dawa ya konokono. Nikaigeuza nikasoma kwa darubini ya simu, kwenye yale maandishi madogo katikati ya Kichina chote kuna herufi zinazosomeka: CuSO4. Shaba! Ndani ya seti ya kamba! Yaani aliyepanga hili boksi alikusanya vitu vya akwariamu kwa ujumla bila kuuliza mwenye kamba, kwa sababu kila mfugaji anajua shaba ndiyo sumu ya kwanza kwa kamba, dawa nyingi za ugonjwa wa samaki zinayo na ndo maana tangi la zamani lililowahi kutibiwa samaki linaogopwa. Hii haina maksi, hii ni ya kutupa, na usiitupe kwenye sinki ukaosha ndoo ya kamba humohumo. Konokono wadogo wakijaa maana yake unalisha sana, punguza chakula. Hivyo hivyo kwa wale minyoo bapa wenye kichwa cha pembetatu wanaotambaa kwenye kioo, planaria, hao wanakula watoto na wanaletwa na mabaki ya chakula. Nje kuna unga wa kuwaua unaotokana na popoo, ndiyo, popoo hii ya tambuu, ila msiende kusaga popoo nyumbani mkatia tangini kwa kukadiria.

Chakula cha kwenye kopo kiko sawa, punje ndogo za kahawia, wanakikimbilia. Maelezo yanasema mara mbili kwa siku. Nani atakula? Tia punje kidogo mara mbili tatu kwa wiki, kikibaki baada ya saa mbili kitoe, siku nyingine zote wana sponji, wana jani, wana mwani wa kwenye kioo. Hilo kopo litakuzeekea.

Kitu ambacho hakimo kwenye boksi wala kwenye karatasi ya maelezo na hapa kwetu ndo kinaua kamba wengi kuliko yote niliyosema ni dawa ya mbu. Zile za kupuliza zina pairethroidi na kamba hawazivumilii hata kwa kiasi kidogo sana. Sasa fikiria, pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani inaisukuma ndani ya maji kutwa nzima, mtu anapuliza sebuleni saa 12 jioni anafunga mlango, pampu inafanya kazi yake kwa uaminifu, asubuhi wote wamelala ubavu. Na mikono uliyopaka dawa ya kuzuia mbu usiitie kwenye maji. Kama lazima mpulize, tangi lihamie chumba kingine, au mkae na chandarua na nyavu za dirisha. Kwangu sheria imeshapita, hakuna kopo la dawa linaloingia ndani, mama mkwe alinuna ila alikuja kuelewa alipoona watoto wa kamba.

Kamba wenyewe nunua kwa mtu anayezalisha mwenyewe, siyo dukani. Dukani wanakuuzia mchanganyiko wa rangi kwenye mfuko mmoja, wekundu, njano, bluu, unapendeza macho siku hiyo, ila wote hao ni jamii moja na wanazaana, vizazi viwili vitatu mbele unabaki na kamba wa kahawia wasio na rangi, wamerudi porini. Chukua rangi moja, kama 10 au 15 ili majike na madume wapatikane, wadogo wadogo siyo wazee, maana umri wao ni mwaka hadi miwili tu na mzee ameshakula nusu. Kabla ya hapo tangi liwe limekomaa, filta imetembea wiki 4 au zaidi bila kamba, kioo kimeanza kuota kijani. Siku ya kuwaingiza usiwamwage. Ule mpira wa hewa wa ziada wa kwenye seti una kazi nzuri hapa: nyonya maji ya tangi yashuke kwenye bakuli lenye kamba, funga fundo kwenye mpira mpaka yawe yanadondoka matone mawili kwa sekunde, waache saa nzima au mbili wazoee. Nilikuwa nafikiri mpira ni mrefu bure, kumbe.

Swali la kila mgeni akija nyumbani: wanaliwa? Hapana jamani. Jike mkubwa kabisa ana sentimita 3, hawa siyo kamba wa delta ya Rufiji. Watu wa kanda ya ziwa ndo hawanishangai, Ziwa Victoria lina kamba wake wadogo wa jamii hiihii ya Atyidae, Caridina nilotica, ambao walijaa sana baada ya sangara kumaliza furu wengi na sangara mwenyewe akageuka kuwala wao. Na Tanganyika ina aina zake ambazo hazipatikani popote pengine duniani. Siku mtu wa Kigoma akianza kuzalisha hao kwenye matangi kwa utaratibu unaoeleweka mimi niwekeni namba moja kwenye foleni, majani ya mkungu nitawapelekea gunia. Ila hawa wa China msiwamwage mtoni mkiwachoka, kambakochi wa Louisiana alipelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 na mpaka leo yupo.

Kwa hiyo seti kama seti, kwa mtu wa pwani, 5 kati ya 10. Nilirudi dukani nikamuuliza yule kaka kama anaweza kuniuzia sponji na pampu peke yake kwa ajili ya tangi la pili, akaangalia kushoto na kulia kama bosi wake yupo, akasema vipo, elfu thelathini na tano vyote viwili, viko stoo ya nyuma, huwa hawavipangi kwenye kabati kwa sababu watu wataacha kununua boksi. Valvu akaniongezea bure.